Saidi, Ukurasa Wako Ninao

Katoyi, Goma, Jumapili asubuhi

Saidi ndugu yangu,

Utanisamehe mwandiko. Ulikuwa ukiucheka hata nilipokuwa na mkono imara. "Shefu, ukiandika namna hii wagonjwa watakunywa sabuni." Sasa mkono unatetemeka, na karatasi nimeilaza juu ya sinia kwa sababu siwezi tena kukaa mezani. Niko kitandani nyumbani kwa binti yangu, na dirisha linatazama ukuta wa mawe meusi. Nina mpira wa mkojo kwa miezi mitano sasa. Ugonjwa wenyewe ni ule wa wazee wa kiume, na umekwisha kuingia mifupani. Daktari aliniambia kwa upole nisipange mambo ya mbali.

Wewe una miezi minane ardhini. Nilikuja siku tuliyokuzika. Walinipa kiti cha mbele, karibu na shehe na kaka zako waliotoka Kindu. Mke wako, Mama Riziki, aliniletea sahani ya pilau kwa mikono yake mwenyewe, akasema watu wote wasikie: "Papa Atanasi huyu ndiye alimufundisha bwana yangu kazi." Watu wakaitikia kwa heshima. Nami nikala. Nilimaliza sahani, Saidi. Nilikwangua hata ukoko.

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri, wala si ugonjwa peke yake.

Mengi ya nitakayoandika unayajua kuliko mimi. Nitayaandika hata hivyo, kwa mpangilio, kama tulivyokuwa tukijaza daftari la safari ndani ya ambulansi: saa, mahali, hali ya mgonjwa, aliyeitwa, alichojibu. Wengine watasoma barua hii baada yako.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa sita sasa. Mimi nilikuwa mkuu wa wauguzi wa ambulansi, na wewe ulikuwa kwenye zamu. Kanuni ilikuwa yangu, niliitunga mwenyewe na nikajivunia: ndani ya gari muuguzi anatoa oksijeni na serumu, yale maji ya mshipani, kwa akili yake, lakini dawa nyingine yoyote, kwanza apige simu kwa shefu. Shefu akisema ndiyo, anaandika ndiyo. Shefu akisema hapana, anaandika hapana. Niliona ni kanuni safi. Sikuwahi kujiuliza itakuwaje siku shefu asipojibu.

Siku hiyo nilikuwa mtaa wa Himbi, kwenye mahari ya binti wa dada yangu. Nilivaa koti la kijivu. Ukoo wetu wa Butembo ulikuwa umenichagua kuwa msemaji, na unajua kwetu msemaji anasema akiwa amesimama, na hatoki mbele ya wakwe mpaka wamemjibu. Kutoka katikati ya maneno ni kuwaambia kwamba binti wetu si kitu, au wao si kitu.

Simu yako ya kwanza niliipokea uani, kabla hatujaanza. Ulikuwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Sake, nje ya mji.

"Shefu, niko na mama hapa, Francine, alizaa, leo ni siku ya ine. Anapumua mara thelathini na mbili. Dakika nzima, shefu, si robo. Mikono baridi kama samaki sambaza. Ananiita kwa jina la kaka yake."

Nilikuuliza kipimajoto kinasema nini.

"Thelathini na tano na nusu."

Nikajibu sentensi niliyowafundisha wauguzi miaka thelathini: "Hakuna homa, hakuna maambukizi. Huyo amepoteza damu. Weka serumu, umlete."

Ukasema, "Damu haitoki, shefu. Lakini nguo zake zinanuka. Harufu ile unaijua."

Niliijua. Kila aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi anaijua, na haisahauliki hata ukistaafu. Nilijua pia kwamba mwili ulioshindwa na maambukizi unaweza kupoa badala ya kuchemka, na kwamba huo ni ubaya zaidi ya homa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiturudia jambo hilo kila wiki garajini, na karatasi zako za mafunzo zilizokunjwa mfuko wa nyuma. Pumzi za haraka, akili iliyopotea, ngozi baridi yenye mabaka, presha inayoshuka: viwili kati ya hivyo vikikutana na mahali panapooza, ulisema, tusisubiri homa itupe ruhusa. Wenzako walikuita Profesa Pumzi. Mimi nami nilicheka pamoja nao.

Hapana, sikukosa kujua. Ulimi ulisema ulichozoea, na kichwa kikauachia.

Simu ya pili ilinikuta tumekwisha kukaa. Nilitoka mara moja, nikasimama nyuma ya mlango na kunong'ona. Lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, mbele yenu magari, nyuma yenu magari. Mwendo wa dakika arobaini ulikuwa umekwisha kula karibu saa nzima na hamjafika nusu.

"Presha inashuka, shefu. Serumu ya pili inaingia, haipandi. Nipe ruhusa ya dozi moja ya antibiotiki. Moja tu. Hapa hospitali ni mimi."

Hapo nilikujibu neno ambalo sijamwambia padri wala mtu: "Ukimchoma akafa, watasema ni sindano. Subiri daktari."

Umeona? Sikusema dawa haifai. Sikuuliza kama ana mzio. Nilitaja tu watu watakachosema. Woga ule uliingia simuni kwa sauti yangu, na siku mbili baadaye ukanifanya nikukane.

Simu ya tatu ilitetemeka pajani nikiwa nimesimama. Nilikuwa nasimulia wakwe jinsi mwanetu alivyokuwa mkaidi utotoni, na wazee wa upande wao walikuwa wanacheka. Nilijua ni wewe. Niliibana simu kwa kiganja juu ya kitambaa cha suruali ili isisikike. Ikatulia. Ikatetemeka tena. Nikaibana tena. Baadaye nilikuta umeniita mara tano.

Ulimpa. Ulipoona shefu hajibu, ulimpa dozi mshipani, ukaandika, ukashika mkono wake. Lori likaondolewa. Mkaingia mjini. Mama Francine alifariki kwenye lango la kliniki, mlango wa nyuma wa gari umekwisha kufunguliwa.

Kaka zake wawili walikuwa ndani ya gari. Waliona nini wao? Waliona dada yao anapumua, wakaona sindano, wakaona dada yao amekufa. Walipiga kelele pale langoni: "Alimuchoma sindano! Ni huyu! Alimuchoma njiani akakufa!" Kabla ya jua kuzama mtaa mzima wa Mabanga ulikuwa na habari kwamba Saidi wa ambulansi ameua mama wa mtoto mchanga.

Jumatatu nilifika garajini kabla ya wote. Daftari la safari lilikuwa mahali pake, chini ya kiti cha muuguzi. Mwandiko wako, Saidi, mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nakuandikia hapa ulivyoandika, kwa maana ukurasa huo uko mbele yangu:

"Saa nane na dakika kumi, nimeita shefu. Pumzi 32, joto 35,5, mikono baridi, akili imepotea, harufu. Kasema hapana, serumu tu. Saa tisa na dakika tano, nimeita shefu, lori limefunga njia. Kasema subiri. Saa tisa na nusu, nimeita mara tano. Hajibu. Natoa dozi ya kwanza kwa dhamana yangu. Mungu anisaidie na shefu anisamehe."

Nilikuwa na wembe mfukoni, ule wa kukatia plasta. Niliukata ukurasa karibu kabisa na uzi, kwa unadhifu, kama ninavyopenda kufanya kila kitu.

Saa nne kamati ilikaa ofisini kwa direkta. Wakaniuliza, "Alikuita?" Nikasema, "Hakuniita." Wakalifungua daftari, hawakuona kitu. Ukasema taratibu, "Tazameni simu yake." Hakuna aliyenyoosha mkono. Nani angemwambia mzee wa nywele nyeupe atoe simu yake mezani kama mwizi wa sokoni? Ulinigeukia. Nilikuwa nimesimama shahidi siku ya ndoa yako, mimi Mkatoliki katikati ya kanzu, na Riziki wako alipozaliwa nilimpima mimi. Ulinitazama muda ambao ningeweza kuhesabu pumzi zako. Halafu ukasema, "Basi, shefu."

Maneno mawili. Sijapata adhabu nyingine kubwa kuliko hayo.

Walikufukuza siku hiyo hiyo, na karatasi yako ya kazi ikaandikwa neno ambalo hakuna kliniki ingelipuuza. Mimi nilipongezwa kwa kuwa imara. Nikaandika tangazo kwa herufi kubwa, HAKUNA SINDANO NJIANI, nikalibandika kwa gundi ya mbao ndani ya mlango wa nyuma wa ambulansi, ili kila familia inayopanda ilione na kutulia. Lilikaa pale hata baada ya mimi kustaafu. Mkuu aliyefuata alilikuta, akadhani ni sheria ya serikali.

Nilikuona mara moja tu baada ya hapo. Ulikuwa kando ya barabara hapa Katoyi, unaponda mawe ya volkano kwa ajili ya wajenzi, umejifunga kitambaa puani. Mimi nilikuwa nyuma ya pikipiki. Uliinua nyundo ukaita, "Shefu! Habari ya pumzi?" Ile salamu yetu ya garaji. Ulikuwa unacheka, sikusikia uchungu ndani yake. Nikamwambia motari asisimame.

Sasa sikiliza nilivyopata habari ya mwisho wako.

Masika ndiye anayenibadilishia mpira. Unamkumbuka, yule binti wa Beni mwenye sauti nzito, alikuja kujifunza kwetu mwaka wako wa mwisho. Leo ndiye muuguzi wa zamu kwenye gari lile lile. Anapita hapa kila Alhamisi akitoka kazini, hataki hata soda. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameinama akinisafisha, akasema bila kuinua macho: "Muzee, nikuambie kitu? Mimi ndiye nilimubeba Papa Saidi."

Nilidhani wewe ulifia nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa mazishini.

Akasimulia. Kipande cha jiwe kilikuchana muundi, ukaosha, ukafunga, ukaendelea na kazi kwa sababu wajenzi hawangoji. Siku ya sita Mama Riziki aliita ambulansi. Barabara zilikuwa na vizuizi siku hiyo, gari likazungushwa huku na huku. Masika alikukuta umeegemea ukuta, mguu umevimba mpaka goti, na kabla hajatoa kifaa chochote ukamwambia: "Masika, nimejihesabu. Ishirini na nane. Dakika nzima." Ukampa mkono wako aushike. "Baridi, si ndiyo? Sasa andika."

Ulimfundisha ukiwa ndani ya ugonjwa wenyewe. Alikuwekea oksijeni na serumu. Dawa ilikuwemo ndani ya sanduku, chupa mbili, pale kwenye rafu mbele ya macho yako. Alipiga simu kuomba ruhusa, akajibiwa asome mlango. Anasema alikwisha kuvunja kichupa, akavuta dawa kwenye bomba, akakuambia, "Papa, nakuchoma, watasema watakalosema." Nawe ukamshika kifundo cha mkono.

"Hapana, mwanangu. Batakufukuza kama mimi. Uko na watoto. Endesheni tu."

Mlizungushwa saa mbili. Ulikufa karibu na soko. Wakaamua kukurudisha nyumbani, ili familia isilipie chumba cha baridi cha maiti.

Masika alipomaliza kusema hayo alikuwa analia na ameshika beseni. Akaniuliza mimi, mwalimu wake: "Muzee, ile sheria ya mlangoni, ni nani aliandika?"

Nilisema nimechoka. Hata siku hiyo, Saidi. Hata siku hiyo nilimwambia nimechoka.

Nitasema jambo moja kwa haki, kwa kuwa ulikuwa mtu wa haki. Sijui kama dozi ile ingemwokoa Francine, wala wewe. Hakuna ajuaye. Si kila pumzi ya haraka ni damu iliyooza. Kuna malaria, kuna moyo, kuna woga. Na mahali ambapo hospitali iko dakika kumi kwa lami, labda haidhuru kungoja daktari. Lakini ulikuwa ukisema, "Sisi hatuna dakika kumi, sisi tuna Sake." Mgonjwa wetu anatumia njiani saa zile zile ambazo zingemponya. Na mimi niliifunga njia hiyo kwa karatasi, ili nisiulizwe nilikuwa wapi Jumamosi saa tisa na nusu.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa huu: niandike historia yangu ya kusomwa siku ya mazishi yangu, kama ilivyo desturi, na ndani yake niweke ukurasa wako. Padri angesoma, watu wangeshtuka, mimi ningekuwa nimelala ndani ya sanduku, salama. Niliona ni mpango wa heshima. Alhamisi iliyopita nilimtuma binti yangu amwite Mama Riziki, ili walau yeye ajue mapema.

Alikuja na kilemba cheusi, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanipa pole ya ugonjwa. Nikampa ukurasa. Aliusoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akaurudisha juu ya sinia yangu. Nikamweleza habari ya historia na padri.

"Papa Atanasi," akasema, "miaka sita mutoto wangu aliitwa mutoto wa muuaji kwenye shule. Miaka sita. Na ulikula pilau yangu."

Nikasema ndiyo.

"Sasa unataka kusema ukiwa umekufa? Nitakuuliza maswali namna gani ukiwa ndani ya sanduku? Nitamuuliza padri?" Akasimama. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu kama angepaza. "Sema ukiwa unapumua. Na bwana ya yule mama awepo. Kiisha ndiyo tutaona kama kuna samahani."

Mlangoni akageuka, akaniwekea blanketi miguuni, kwa kuwa lilikuwa limeanguka. Akaenda.

Kwa hiyo kesho Jumatatu, kwenye mkutano wa asubuhi wa wafanyakazi, nitabebwa mpaka garajini. Masika amekwisha kuomba nafasi kwa direkta bila kujua ninataka kusema nini. Nimemtumia ujumbe Justin, fundi wa nguo, mume wa Francine. Ninaogopa. Nina miaka sabini na saba, nimekwisha hukumiwa kufa na mifupa yangu mwenyewe, na bado ninaogopa watu watakachosema. Fikiria.

*

Jumanne, mchana

Saidi, nimerudi.

Nilishindwa kuandika jana. Kutikiswa kwa gari juu ya mawe kuliniamshia maumivu yote, na usiku wa kuamkia leo nilitetemeka sana. Lakini ngoja nikuambie kwa mpangilio.

Mkwe wangu na jirani walinibeba na kiti mpaka kwenye gari. Garaji ni lile lile, harufu ya mazuti ya magari na dawa ya kusafishia. Walikuwa watu kumi na watano hivi, vijana wengi nisiowajua. Direkta ni mpya, kijana mwenye miwani. Alinikaribisha kwa maneno marefu, akaniita maktaba ya kazi yetu, akawaomba wapige makofi. Wakapiga. Justin alikuwa amesimama peke yake karibu na lango, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, na kando yake msichana wa miaka sita. Sikutegemea angekuja na mtoto. Mama Riziki alikaa kwenye tairi kuukuu, mkoba mapajani.

Sikutoa utangulizi. Nilisoma ukurasa wako. Kisha nikasema: "Aliyeandika hivi ni Saidi. Shefu anayetajwa ni mimi. Aliniita mara saba. Nilimwambia hapana, nikamwambia subiri, halafu nikaacha kujibu kwa sababu nilikuwa nasifiwa kwenye mahari. Ukurasa huu niliukata mimi kwa wembe, nikaiambia kamati hakuniita. Sindano haikumuua mama Francine. Kama kuna mkono uliomchelewesha, ni huu."

Dereva mmoja alivua kofia, sijui kwa nini.

Justin alikuja mpaka mbele ya kiti changu. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akasema, "Muzee, mimi nilimurushia Saidi jiwe. Pale sokoni. Jiwe lilimupata kwenye bega. Aliniangalia tu akasema pole ya bibi yako Francine. Pole ya bibi!" Alipiga paji lake kwa kiganja. "Sasa mimi nitamuomba nani samahani? Niambie. Uko na namba yake?"

Mama Riziki ndiye aliyenyanyuka kwenye tairi, akamshika Justin mkono, akamwongoza mpaka kwenye benchi, wakakaa wote wawili na yule mtoto katikati. Hawakuniangalia tena. Ni haki yao.

Direkta alisafisha miwani yake muda mrefu. Akasema mambo haya yanahitaji kikao, daktari mkuu, maandishi. Ndipo Masika akasema kwa ile sauti yake nzito: "Direkta, leo tuko na zamu ya Sake." Wengine wakaanza kusema pamoja, mmoja akaapa hatapanda gari na tangazo lile mlangoni. Mabishano yakawa marefu, nikisikia nusu tu. Mwisho direkta akakubali kwa majaribio, na daktari akaitikia kwa simu: njia ikiwa ndefu au imefungwa, na dalili zako zikiwepo, pumzi zikihesabiwa dakika nzima, muuguzi aweke oksijeni na serumu, aulize mzio, apige simu. Akiita mara mbili bila kujibiwa, kimya kisiandikwe kuwa hapana; atoe dozi ya kwanza, aandike saa, na aitaarifu kliniki ijiandae. Masika aliandika hapo hapo kwenye daftari. Nikamwomba aongeze mstari mmoja: ukurasa usikatwe.

Kisha nikawaomba wanisogeze mpaka mlango wa nyuma wa ambulansi.

Tangazo lilikuwa limegeuka njano. Kijana mmoja alitaka kulitoa kwa kisu, nikakataa. Gundi ya mbao ni gundi kweli. Nilikwangua kwa kucha, vipande vidogo vidogo, watu wananingoja, kucha mbili zikapasuka. HAKUNA lilitoka. SINDANO lilitoka. Nguvu zikaniishia kabla sijamaliza. NJIANI bado liko pale mlangoni, Saidi, peke yake. Masika akasema niliache.

Hilo ndilo nililofanya. Ni dogo, na limechelewa miaka sita na watu wawili ambao ninawajua majina. Wangapi wengine walisoma mlango ule wakiwa wamelala chali, sijui, na sitajua hapa.

Mama Riziki hajasema amenisamehe. Wakati wa kuondoka alipita karibu na kiti changu, akasema, "Papa, fika salama." Nimelichunguza neno hilo tangu jana kama mgonjwa anavyochunguza uso wa daktari. Nimeamua kutolilazimisha kusema zaidi ya lilivyosema.

Ukurasa wako nimemkabidhi Riziki leo asubuhi. Alikuja mwenyewe, amekuwa msichana mrefu, macho yako. Hakukaa. Aliuweka kati ya daftari zake za shule akaniambia ataupeleka kwa mwalimu mkuu, ausome.

Sasa nakuaga. Sikuagi kama shefu; nikifika huko nitakapokukuta, kama ninaruhusiwa kukukuta, nakuomba uniite Atanasi, au usiniite kabisa mpaka utakapopenda. Ahadi yangu ni hii: muda niliobakiwa nao, yeyote atakayeingia chumba hiki, awe padri, jirani au mtoto wa kuleta maji, nitamwambia kabla hajanipa pole. Sitamwachia mtu aniheshimu kwa kutojua.

Tangu alfajiri mkojo kwenye mfuko umekuwa mzito na mweusi, na binti yangu analalamika kwamba naropoka. Nimeweka kiganja juu ya kifua, nimetazama saa ya ukutani, nimehesabu. Dakika nzima, Saidi, si robo. Ishirini na sita. Mikono imepoa.

Nimewaambia wapige simu. Masika yuko zamu. Akifika nitampa mkono wangu aushike, nimwambie idadi, na nimwambie aandike. Akinichoma au asiponichoma, hilo ni lake na la daftari lake. Safari hii hakuna mtu mlangoni wa kumkataza.

Nasikia gari linapanda kwa gia ya kwanza juu ya mawe.

Lala salama, ndugu yangu.

Atanasi